Mikasi Haikulala Stoo

Tulimwacha Mama Chaki dirishani pa stoo, wapenzi wangu, mkono umenyooka, mkasi umo kiganjani, na mtunza stoo anautazama ule mkasi kama mtu aliyeletewa nyoka.

"Sipokei," alisema.

"Hupokei nini?"

"Mkasi. Nenda nao nyumbani."

Mtasema, ala, mkasi tu ndio uliotukosesha usingizi wiki nzima? Ngojeni kwanza niwatege. Hulala wiki tatu, hali, hanywi, hageuki ubavu, na akiamka meno yake makali kuliko alivyolala. Nani huyo?

Mmeshindwa? Nipeni mji, niwape jibu. Ni mkasi wa kiwandani.

Katika kiwanda kile cha kushona sare za shule, siku ya mwisho ya mwaka wa kazi ilikuwa na taratibu zake. Kila mtu husafisha mashine yake, huitia mafuta, huifunika shuka. Kisha huufunga mkasi wake kwa utepe wenye jina na kuukabidhi dirishani. Mtunza stoo huipeleka mikasi yote kwa mnoaji, na siku ya kwanza ya mwaka mpya kila mmoja huukuta wake unang'aa, unamsubiri. Ndiyo maana watu wa pale hawakuwa wakiagana kwa kwaheri. Walisema, "Mkasi wangu uko stoo," wakapeana mkono, wakaenda zao kupumzika.

Miaka kumi na moja Mama Chaki alikuwa mkata vitambaa pale. Chaki sikioni, chaki vidoleni, chaki hata kwenye nyusi, ndipo jina likamganda. Na miaka yote hiyo mkasi wake haukuwahi kukataliwa.

"Funguo, acha mzaha," alisema. Mtunza stoo walimwita Funguo kwa lile shada la funguo lililokuwa likilia kiunoni mwake kila anapopita. "Watu wana safari. Pokea."

"Nimesema sipokei. Mwaka huu kila mtu aende na wake."

Nyuma kwenye foleni ikasikika sauti ya mtia vifungo, yule waliyemwita Redio kwa sababu hazimiki.

"Kuna nini huko mbele? Funguo kanenepa, kaziba dirisha?"

"Anasema twende na mikasi nyumbani," akajibu mmoja.

Redio aliinua mkasi wake juu. Halafu akapasua. "Jamani! Tumezawadiwa mikasi!"

Loo! Vigelegele vikapanda mpaka darini. Mmoja akaubusu mkasi wake. Mwingine akauchezesha kama mwari wa harusini.

"Mie wangu huu," Redio alipiga kelele, "kazi yake ya kwanza ni ulimi wa mama mkwe!"

Wakacheka wakashika mbavu. Mama Chaki hakucheka. Alikuwa amechungulia juu ya bega la Funguo.

Ule ubao wa matundu, ambamo kila mkasi una kitanda chake chenye namba, ulikuwa umelazwa juu ya ndoo, umebebeshwa katoni la biskuti za likizo. Vielelezo vya karatasi ngumu, vya kola na mikono na mifuko, vilivyokuwa vikining'inia ukutani, vilikuwa vimetolewa misumarini na kufungwa kamba kama kuni. Na sakafu? Sakafu ilikuwa tupu. Kila mwaka siku kama hii majora ya vitambaa vya Januari huwa yamejaa mpaka mlangoni, mtu anapita kwa ubavu. Leo pamefagiwa, unaweza kulala.

"Vitambaa vya Januari viko wapi?"

"Vitakuja."

"Tunarudi tarehe ngapi?"

"Mtatangaziwa."

"Funguo. Miaka kumi na moja nakuletea mkasi. Nitazame usoni."

Funguo akamtazama, na afadhali asingemtazama.

"Nina watoto, Mama Chaki," alinong'ona. "Usiniulize. Sogea, wenzako wanangoja."

Hapo Mama Chaki akaurudisha mkasi mfukoni. Akaelewa. Kiwanda hakifungwi kwa likizo. Kinafungwa.

Na wazo la kwanza halikuwa juu ya nafsi yake. Lilikuwa neno moja tu.

Kitinda!

Kitinda alikuwa mdogo wake, kitindamimba wa mama yao, mfua mashuka katika hoteli upande wa pili wa mji. Miaka sita kazini, mikono imekuwa kama imechemshwa, lakini kazi ya kudumu. Na mwaka mzima Mama Chaki alikuwa akimsumbua. Acha udobi, mdogo wangu. Njoo kiwandani, ukae kwenye kiti, ushone, usikilize vichekesho vya Redio. Mwezi uliopita bosi mwenyewe aliitikia kwa kichwa: mlete Januari, mashine ya dirishani ni yake.

Furaha aliyokuwa nayo! Alimwambia kila mtu. Hata Funguo naye alisimuliwa yote pale pale dirishani, siku, saa, na mlango wa kupeleka barua.

"Na nafasi yake hotelini ataichukua nani?" Funguo aliuliza siku ile.

"Yeyote atakayewahi!" Mama Chaki alijibu huku akicheka.

Kule hotelini anayeacha kazi anatakiwa kupeleka barua kabla ya saa sita mchana, siku ya mwisho ya ofisi kabla ya sikukuu. Akighairi, naye aghairi kabla ya saa sita. Saa sita ikigonga, ofisi imefungwa, na lililoandikwa limeandikwa.

Siku yenyewe ndiyo hiyo. Na barua aliiandika Mama Chaki, maana Kitinda shule ilimpiga chenga mapema. Aliiandika kwa mwandiko wake mzuri wa kukatia kola, herufi zimesimama kama askari. Kitinda alitia sahihi tu.

Mama Chaki akatupia jicho saa ya ukutani. Saa tano kamili.

Moyo ukatulia kidogo. Kitinda ni mtu wa dakika ya mwisho. Hata kuzaliwa alichelewa, mama yao alipitisha wiki mbili. Barua ile bado iko mfukoni mwake, Mama Chaki alijiambia, ataitoa mshale ukikaribia sita.

"Funguo, nipe simu yangu."

Simu zote asubuhi zilikuwa zinatiwa kwenye sanduku la mbao, watu wasije wakajikata vidole wakisoma ujumbe.

"Sanduku liko kwa bosi," Funguo alisema. "Mpaka picha ya mwisho wa mwaka ipigwe."

"Basi nifungulie geti."

"Funguo za geti nazo zimechukuliwa leo. Mimi nimebakiwa na mlio tu."

Na kweli, wapenzi wangu, alipotikisa kiuno shada lililia kinyonge.

Bosi alitoka saa tano na robo, shati jeupe, kicheko cheupe. Akapanda juu ya meza ya kukatia, meza ya Mama Chaki, bila hata kuvua viatu.

"Wanangu," alianza, ingawa wengi pale walikuwa wamemzidi umri, "mwaka huu mmeshona mpaka sindano zimeomba ruhusa."

Kicheko.

"Sasa pumzikeni. Pumzikeni sana."

Makofi. Mama Chaki akalisikia lile "sana" likianguka sakafuni kama kifungo. Akanyoosha mkono.

"Bosi. Tarehe ya kurudi ni lini?"

Kila jicho likaenda kwa bosi. Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema, wasomaji wangu. Neno moja zaidi, na watu wangejua. Bosi akamtazama Mama Chaki, kisha akatabasamu.

"Mwoneni huyu! Likizo hata haijaanza, yeye keshaulizia kazi!"

Kicheko kikalipuka, na Redio ndiye aliyecheka kuliko wote. "Mama Chaki, nenda ukalale! Chaki yenyewe imechoka nawe!"

Mama Chaki akafumbua mdomo. Akamwona Redio na mfuko wake wa plastiki, ndani jozi tatu za viatu vipya vya watoto watatu, kila jozi imefungwa na kamba zake. Akawaona wenzake wameng'aa nyuso. Waharibiwe siku, na yeye ndiye awe mharibifu? Na akiwaambia, patazuka vurugu, geti halitafunguliwa mpaka jioni, na Kitinda je?

Akaufumba mdomo.

"Picha!" bosi aliita. "Mikasi juu, wote!"

Mikasi arobaini ikapanda juu. Wote wakacheka kwenye kamera. Ukiiona picha hiyo leo utadhani ni watu walioshinda kitu.

Geti lilifunguliwa saa tano na dakika ishirini na tano. Mama Chaki aliipokonya simu yake sandukuni na kupiga hapo hapo. Ikaita. Ikaita. Haikupokelewa. Nani atasikia simu katikati ya mashine za kufulia?

Akaanza kukimbia.

"Mama Chaki! Biskuti zako!" Redio alimfuata mbio mpaka kwenye kona, pakiti mkononi. Akamwona uso. "Wee, una nini? Mbona kama umefiwa?"

"Hakuna kitu."

"Kweli?"

"Kweli. Likizo njema."

Redio akamkumbatia, akamtia pakiti mfukoni. "Basi tuonane Januari, mwenzangu. Usiponiona, ujue mama mkwe kanimeza na mkasi wangu!"

Mama Chaki alikimbia huku pakiti ikimpiga pajani, na kila pigo likimwambia: mwongo, mwongo.

Niwatege tena? Aliandika kwa mkono, sasa anakimbia kufuta kwa miguu. Hicho hakihitaji kupewa mji.

Alipita madukani, watu wamejipanga na mafurushi. Alipita saluni, vichwa vimefungwa mifuko. Mji mzima unajiandaa kwa sikukuu, yeye peke yake anajiandaa kwa jambo jingine. Kandambili ikakatika mshipi. Akaivua, akaibeba, akaendelea na mguu mmoja mtupu.

Saa tano na dakika arobaini na nane alikuwa mlango wa nyuma wa hoteli.

"Wageni mlango wa mbele," mlinzi alisema bila kuinua kichwa.

"Mimi si mgeni. Mimi ni dada wa mfuaji."

"Dada wa mfuaji ni mgeni wa mfuaji. Mlango wa mbele."

"Baba, nakuomba. Nina dakika kumi na mbili."

Mlinzi akauona ule mguu mtupu, kisha kandambili mkononi. "Nani anakufukuza?"

"Saa."

Akamfungulia.

Chumba cha kufulia kilikuwa na mvuke wa kukata pumzi. Wanawake wawili wawili walikuwa wakikunja mashuka, wanasogeleana, wanaachana, kama wanacheza. Kitinda akamwona, akaiachia ncha yake.

"Dada! Umekuja kunichukua!" Akamrukia shingoni akiwa na maji mikono yote. "Nyie, huyu ndiye dada yangu niliyewaambia! Ndiye aliyenitoa humu!"

"Kitinda, barua iko wapi?"

"Utafurahi!"

"Iko wapi?"

"Nimeshaitoa! Saa mbili asubuhi, ofisi inafunguliwa mimi niko mlangoni. Nilisema mara moja maishani nami niwe wa kwanza." Akacheka kwa fahari. "Na msimamizi ameusifu mwandiko. Kasema hajawahi kuona mtu akiacha kazi kwa mwandiko mzuri hivi."

Mama Chaki alihisi kama sindano imepita kwenye ukucha. Akamshika mkono. "Twende ofisini."

"Kuna nini?"

"Twende kwanza."

Msimamizi, mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole, alikuwa tayari na mkoba begani. Saa juu ya kichwa chake ilisema dakika nane kabla ya sita.

"Mama, ile barua ya mdogo wangu," Mama Chaki alisema akihema. "Tunaomba tuirudishe."

"Dada!" Kitinda alishtuka.

"Nyamaza, mdogo wangu. Mama, tunaomba."

Msimamizi hakukasirika. Akafungua mtoto wa meza, akaitoa. Ndiyo hiyo hiyo, imekunjwa mara tatu, herufi zimesimama. "Mbona mmewahi," alisema. "Kabla ya saa sita mimi sina neno. Chukueni."

Mama Chaki akaishika barua kwa mikono miwili. Machozi yakamlenga. Akawaza, kumbe bado kuna watu, kumbe siku haijaisha.

"Lakini nawaambia mapema," msimamizi aliendelea taratibu, "karatasi mnayo, nafasi hamna. Imejazwa."

"Imejazwa saa ngapi?"

"Saa mbili na nusu. Huyu hapa alinipa barua mkononi, anatoka, yule anaingia. Alikuwa kwenye benchi nje tangu alfajiri. Nilishangaa. Alijua kuna nafasi kabla yangu mimi. Mkataba keshasaini."

"Nani?"

Mlango wa chumba cha kubadilishia nguo ukafunguka.

Kitendawili cha tatu, na hiki sikipendi. Nguo gani haijapoa jasho la wa kwanza, wa pili keshaivaa? Ni aproni ya Kitinda, aliyoivua asubuhi ile. Ilikuwa imevaliwa na mwanamke mwembamba, macho ya mtu asiyelala vizuri, anahangaika na kamba za mgongoni.

Mke wa Funguo.

"Shemeji!" alisema, uso ukamchanua kwa haya. "Nawe umekuja? Mume wangu aliniambia mdogo wako amepata kazi nzuri kuliko hii. Nikasema afadhali, yeye apande, nami nishike hapa alipoachia. Watoto watano, unatujua."

Mama Chaki akamtazama. Nina watoto, usiniulize. Yeyote atakayewahi. Maneno yale mawili yakakutana kichwani mwake kama makali mawili ya mkasi, na katikati yao alikuwa Kitinda.

Angesema nini? Amvue mwenzake aproni? Funguo naye kuanzia leo hana kazi. Hata chuki ya kumchukia aliitafuta pale, akaikosa.

"Hongera, shemeji," alisema.

"Dada, mimi sielewi," Kitinda alisema. Sauti ilikuwa imepungua. "Kwani mashine ya dirishani vipi? Wamempa mtu mwingine?"

Mama Chaki akatia mkono mfukoni. Ikatoka kwanza pakiti ya biskuti, imepondekapondeka. Akaiweka mezani. Akatia tena. Ukatoka mkasi, bado umefungwa utepe wenye jina lake.

Kitinda aliutazama. Miaka kumi na moja amekuwa akisikia habari za mkasi huo.

"Mbona uko nao?" aliuliza. "Leo si unalala stoo?"

Mke wa Funguo akaacha kamba nusu, akausogelea mkasi, akausoma utepe, akarudi nyuma hatua moja. Alikuwa mke wa stoo. Yeye hakuhitaji kuelezwa.

"Hakuniambia," alinong'ona. "Wallahi shemeji, hakuniambia hilo."

Kitinda akaketi juu ya kikapu cha mashuka machafu, polepole, kama mtu mzima sana. Hakulia. Alikuwa anaitazama mikono yake iliyochemka, anaigeuza huku na huku.

"Ningechelewa tu," alisema. "Siku moja niliyowahi."

Simu ya Mama Chaki ikalia. Redio.

"Mama Chaki." Haikuwa sauti ya Redio. Ilikuwa sauti ya mtu aliyezimwa. "Nilirudi kiwandani. Nilisahau ndala zangu chini ya mashine."

"Redio, nisikilize..."

"Nimekuta lori. Wanapakia mashine. Yangu ndiyo imetoka ya kwanza, na shuka lake nililoifunika asubuhi. Nimewapigia wenzetu, tuko nusu yetu hapa getini. Tumembana Funguo."

"Amesema nini?"

"Amesema yeye hakuthubutu kutuambia. Lakini amesema kuna mmoja wetu aliyejua tangu saa tano, akauliza swali lake moja la kijanja, akapiga picha, akaondoka mbio." Redio akavuta pumzi. "Nimemwambia anaongopa. Nimemwambia huyo namjua, nimemkumbatia kwenye kona, ningemwona machoni. Sasa niambie mwenyewe. Neno moja tu. Ulijua, hukujua?"

Msimamizi alikuwa amesimama na ufunguo wa ofisi mkononi, anasubiri watoke. Mke wa Funguo alikuwa anafungua aproni, hajui aivue au aivae. Kitinda aliinua kichwa, naye pia anangoja jibu. Juu ya ukuta mishale miwili ikalaliana, saa ikaanza kugonga sita.

Ilipogonga pigo la mwisho, Mama Chaki alisema.

"Nilijua."

Upande wa pili kikasikika chuma, mikasi mingi ikigongana ndani ya mifuko, na nyayo za watu wanaoanza kutembea kwa pamoja.

"Basi usitoke hapo hotelini kwa mdogo wako," Redio alisema. "Tunakuja."